Mtaa Uliogeuzwa Kampuni ya Bima

Ipo nchi moja, na jina lake halitatajwa hapa kwa sababu mtu ana watoto wa kulea. Anayeijua ataitambua. Asiyeijua amshukuru Mungu, na aendelee kusoma akiwa amefunga mlango.

Katika nchi hiyo Serikali ilichunguza ikaona wananchi wana hofu kupita kiasi. Wanaogopa moto, wanaogopa mafuriko, wanaogopa wezi, na wapo wengine, waliotajwa kwa masikitiko makubwa, wanaoiogopa hata Serikali yenyewe. Basi ikaundwa Wizara ya Utulivu wa Moyo. Waziri akatangaza kwamba kuanzia sasa kila mwenye nyumba lazima akate bima, na kwa kuwa wananchi huchanganyikiwa wakipewa vitu viwili wachague kimoja, itakuwepo kampuni moja tu, nayo itaitwa Bima ya Usihofu. Asiyekata bima atafungwa jela, ili asipate hofu.

Usihofu wakajenga jengo refu kuliko yote mjini, lote vioo. Watu wakaambiwa waliangalie vizuri, maana ndiyo michango yao ile, na kweli walikuwa wanaiona ikimetameta. Kila jioni kwenye televisheni alitokea bwana mmoja akishukuru kwa kulipwa fidia. Jumatatu nyumba yake imeungua, Jumatano imesombwa na maji, Ijumaa imeangukiwa na mnazi. Mara amevaa kofia, mara ameivua. Watu wakamhurumia sana kwa mikosi yake, wengine wakawa wanamwombea.

Mama Sikudhani wa Mtaa wa Mchangani hakumwombea. Huyu alikuwa mwanamke wa shaka. Shule aliishia darasa la saba, lakini hakuna jambo lililompita bila kuligeuza akaliangalia tumboni. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyachemsha, akayanusa tena yakishachemka. Mumewe, dereva wa malori ya masafa ambaye nyumbani alijulikana zaidi kwa sauti ya simu, alikuwa akimwambia, "Mama Siku, wewe hata peponi utaingia ukiuliza bili ya umeme analipa nani."

Bima aliilipia kila mwezi bila kuchelewa. Hakuwaamini. Aliogopa tu kufungwa akaacha watoto.

Alasiri moja umeme uliokatika tangu juzi yake ukarudi kwa hasira. Waya za darini zikatema cheche, dari ikashika, na kabla Mama Sikudhani hajamaliza kuwahesabu wanawe barabarani, paa lilikuwa linaungua. Mtaa mzima ukatoka. Mama Chausiku, muuza maandazi wa nyumba ya jirani, akaja na pipa la maji akilisukuma kwa makalio. Fundi Bakuza, seremala wa ng'ambo ya barabara, akapanda ukutani akawa anaangusha mbao zinazowaka. Wengine michanga, wengine ndoo, wengine kelele. Jua lilipozama moto ulikuwa umezimwa. Kuta zilibaki. Paa lilikwisha, na vitanda, na nguo zote isipokuwa walizovaa.

Sasa Mchangani wana desturi yao. Mtu akifikwa na jambo haulizwi anahitaji nini, maana kumwuliza ni kumlazimisha aombe. Unaweka kitu mlangoni kwake, unakohoa, unaondoka. Jioni ile mlango wa Mama Sikudhani ulikoholewa sana. Akapata sufuria, godoro, ndoo, viatu vyake na vya watoto, na kanga mbili. Fundi Bakuza akamfungia turubai juu ya chumba kimoja.

Turubai lilimtosha yeye. Halikumtosha Hidaya, kitinda mimba wake, aliyekuwa na pumu. Mtoto yule akilala kwenye unyevu, kifua kinapiga filimbi. Na masika yalikuwa njiani. Basi haja ya Mama Sikudhani ilikuwa moja tu: apate paa kabla ya mvua.

Akaenda kwenye jengo la vioo.

Alipokewa na Mkuu wa Kitengo cha Madai, Bwana Tuliza, mtu mnene mwenye sauti ya hospitali.

"Pole sana, mama yangu. Moto wenyewe ulikuwa wa namna gani?"

"Wa kuunguza, bwana."

"Uliendelea mpaka mwisho?"

"Uliendelea mpaka majirani wakauzima."

Bwana Tuliza akaweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayempa mwenzake habari za msiba. "Hapo ndipo penye shida. Sisi tunakinga dhidi ya moto. Moto ukizimwa kabla haujamaliza kazi yake, kitaalamu huo si moto. Ni jaribio la moto."

"Ningeuacha umalize, bwana, ningekuja kudai nini, na watoto wangu wangelala wapi?"

"Ungekuja na dai lililokamilika." Akamtazama. "Hiyo kanga uliyovaa haina hata alama ya moshi. Umeipata wapi?"

"Nimepewa na jirani."

"Na hivyo viatu?"

"Jirani."

"Mwingine?"

"Mwingine."

Bwana Tuliza akaiokota kalamu, akaandika. Kisha akatabasamu, akainuka mwenyewe kwa miguu yake, akaenda kumletea soda baridi. Hapo ndipo moyo wa Mama Sikudhani ulipodunda. Katika nchi ile soda ya ofisini haiji bure. Hutangulia mbele ya balaa kama king'ora. Akainywa nusu, ile nusu nyingine akaiacha iwe ushahidi.

Wiki hiyohiyo pakatokea Mchangani muuza vitana mmoja mwenye viatu safi mno. Vitana hakuvitangaza. Aliingia nyumba hadi nyumba akiuliza kwa upole, "Yule mama aliyeunguliwa, nyinyi mlimsaidia na nini?"

Na watu wa Mchangani wana ugonjwa wao mmoja, ndio uliowaponza. Kutoa wanatoa kwa siri, lakini wakiulizwa, hakuna anayekubali kuwa ametoa kidogo kuliko wa nyumba ya pili.

"Mimi nilimpa sufuria," akasema Mama Chausiku. Akakumbuka shoga yake wa nyumba ya nyuma alitoa ndoo. "Tatu. Na mfuniko kila moja."

"Mimi nimemwahidi paa zima," akasema Fundi Bakuza, ambaye mpaka dakika hiyo alikuwa ameahidi kuazima ngazi.

"Na kwa nini mnamsaidia hivi?" akauliza muuza vitana.

"Kwani wewe umetoka wapi?" akacheka Mama Chausiku. "Likinikuta mimi naye atakuja. Ndivyo tulivyo hapa tangu enzi za mabibi."

Muuza vitana akayaandika maneno hayo, akamwomba ayarudie polepole.

Baada ya hapo Bwana Tuliza akaja mwenyewe kwa Mama Sikudhani, akakaa juu ya ndoo kwa heshima zote. Akasema shauri limepelekwa mahakamani ili lipate baraka ya sheria, na kwamba paa sasa lipo karibu kabisa. Yeye atatakiwa aseme jambo moja tu, tena la kweli: kwamba majirani walimsaidia.

"Na nikishasema?"

"Utaezekwa kabla ya mvua. Mahakama itaamuru."

Mama Sikudhani aliligeuza neno lile usiku na mchana. Lina ubaya gani? Ni kweli walimsaidia. Lakini kampuni isiyopenda kusikia habari za moto, kwa nini ipende kusikia habari za sufuria? Bwana Tuliza aliporudi kuchukua jibu, mama akamtazama machoni, akaona huruma tupu, na huruma ile ikamtisha. Akataka kukataa. Hidaya akakohoa chini ya turubai. Akakubali.

Siku ya kesi mtaa mzima ulihudhuria umevaa nguo za sikukuu, maana walisikia kwamba mwenzao anakwenda kuwasifu mbele ya Jaji. Jaji Mkunde alikuwa mzee aliyeheshimika kwa kutowahi kumsumbua mtu mkubwa. Wakili wa Usihofu, Wakili Mwanatenge, aliinuka na joho lake likaendelea kuinuka nyuma yake.

"Shahidi, majirani walikusaidia?"

"Walinisaidia sana, Mungu awalipe."

Nyuma wakapiga makofi.

"Walipata faida gani kukusaidia?"

"Faida ipi, bwana? Ni majirani."

"Wewe uliwahi kuwasaidia?"

"Mama Chausiku alipofiwa na mama yake nilipika siku zote za matanga. Fundi Bakuza alipovunjika mguu nilikuwa nampelekea uji."

"Kwa hiyo ulitangulia kutoa, ukiamini kwamba ukipatwa na janga nao watatoa."

Mama Sikudhani alihisi ardhi inahama chini ya viatu vya kupewa. "Sikuwa nahesabu, bwana."

"Hatukuulizi hesabu. Uliamini au hukuamini?"

"Niliamini."

Wakili Mwanatenge akageukia kiti cha Jaji. "Mheshimiwa, watu wengi wanatoa kidogokidogo, mmoja akiharibikiwa wanamfidia. Kama hiyo siyo bima, basi na mimi siyo wakili. Upande wetu unaiambia mahakama kwamba Mtaa wa Mchangani umeendesha kampuni ya bima tangu enzi za mabibi, bila leseni, bila ofisi, bila hata kalenda ya ukutani. Na huyu mama, akijua fika, alikata bima sehemu mbili."

Makofi yakakoma.

Jaji Mkunde hakuchelewa, kwa kuwa hukumu alikuwa nayo tayari imechapwa. Akasema Usihofu haina deni, maana moto ule ulikuwa jaribio na bima yao ilikuwa ya pili. Akasema Mtaa wa Mchangani ni kampuni ya bima kuanzia leo na kurudi nyuma, unatozwa faini kwa miaka yote ya ukimya, na unaamriwa kumlipa mteja wake paa kabla ya masika. Kwa kuwa kampuni haiwezi kukosa mkubwa, akatazama ukumbini, akamwona Fundi Bakuza amewazidi wote kwa urefu, akamteua kuwa Mkurugenzi Mkuu.

"Mimi nina kitanda cha watu dukani sijakimaliza," akasema Bakuza.

"Utakimaliza ukiwa Mkurugenzi," akasema Jaji.

Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuna aliyesema na Mama Sikudhani. Walipofika Mchangani, Mama Chausiku akasimama.

"Nilikupa sufuria, mwenzangu. Ukaenda kunipimia nayo kaburi."

"Waliniuliza kweli, nikasema kweli."

"Hukuwajua? Wewe unayenusa maziwa mara mbili?"

Kuanzia hapo mtaa ukabadilika sura. Mtu akipungukiwa chumvi anakula bila chumvi. Ukimbebea mwenzio mzigo, anauliza, "Unanikatia bima?" Mama Sikudhani akawa hana wa kumwamini, na mbaya zaidi, akawa na yeye haaminiki, jambo ambalo hakuwahi kulionja. Mawingu yakaanza kukaa upande wa milimani.

Kwa mujibu wa sheria, kampuni changa lazima ifunzwe. Usihofu wakajitolea. Mtaa mzima ukaitwa semina kwenye jengo la vioo, ukafundishwa namna ya kutoa pole isiyo na ahadi, namna ya kusema "njoo Alhamisi" bila kutaja Alhamisi ipi, na namna ya kumtazama mteja kana kwamba yeye ndiye aliyewasha. Mwisho ukawekwa mtihani. Afisa mmoja alijifanya mteja, akaingia analia, "Jamani, nyumba yangu inaungua."

Mama Chausiku akadaka ndoo ya mfagizi akakimbia nje.

Wengine wakamfuata. Bakuza akauliza ngazi iko wapi. Wakapata sifuri wote, na kwenye ripoti ikaandikwa kwamba kampuni hii haifundishiki.

Jumamosi moja asubuhi Mama Sikudhani akasikia nyundo. Akatoka, akamkuta Fundi Bakuza ukutani, mbao zimeshapangwa, vijana wanapandisha mabati, na Mama Chausiku yuko chini anakaanga maandazi ya mafundi amenuna.

"Usinishukuru," akasema Bakuza bila kuangalia chini. "Mimi nimeamriwa na mahakama. Jela siendi kwa ajili ya bati."

"Na mimi simpikii mtu," akasema Mama Chausiku. "Napikia nyundo."

Jumapili jioni paa likasimama. Usiku ule Hidaya akalala na kifua chake kimya, na mama yake akakaa macho kwa sababu alikuwa hajazoea.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni hili: katika nchi ile, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni ya bima kulipa. Habari zikatambaa. Watu wakaja kutoka wilaya za mbali kuliangalia paa, wakaligusa, wakapiga picha nalo. Kisha wakaenda kwenye jengo la vioo wakauliza swali la kitoto: ikiwa wakaanga maandazi wamelipa, nyinyi mnangoja nini? Foleni ikazunguka jengo mara mbili. Yule bwana wa televisheni mwenyewe alionekana ndani ya foleni, amevua kofia, kumbe safari hii nyumba yake ilikuwa imeungua kweli.

Waziri wa Utulivu wa Moyo akahutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi," akasema, "bima ni imani. Na imani, ndugu zangu, haionekani kwa macho wala haishikwi kwa mikono. Anayekwenda kuilipa bima kwa mabati yanayoonekana anaua imani ya taifa zima. Tumechunguza, tumebaini kuwa upo mkono wa adui."

Bunge likakaa asubuhi, na kufikia chai ya saa nne ikawepo Sheria ya Kuzuia Ulipaji Holela. Anayethibitika kulipa dai, jela. Kwa huruma ya Serikali, anayelipwa hana kosa, ilimradi amtaje aliyemlipa.

Bwana Tuliza akaja Mchangani na polisi, na vijana wenye ngazi. Safari hii hakukaa juu ya ndoo.

"Mama yangu, nani ameezeka paa hili?"

Ng'ambo ya barabara Fundi Bakuza alikuwa anapiga randa ubao, mahali palepale pamoja, mpaka ubao ukawa mwembamba kama karatasi. Hakuinua uso.

"Kwani mahakama si iliamuru, bwana?"

"Mahakama iliamuru kabla ya sheria. Mimi nauliza baada ya sheria. Wewe ni mkweli, tunakujua, ulitusaidia sana mara ya kwanza. Taja jina, paa libaki lako. Usipotaja, paa lisilo na mwenyewe ni mali ya umma, na hawa vijana watalishusha sasa hivi. Na mvua hiyo unaiona."

Aliiona. Mawingu yalikuwa yameshafika kwenye minara ya simu. Ndani Hidaya alikuwa akicheza sakafuni na kuimba, pumzi yake nyepesi, na kila mstari wa wimbo ule ulimchoma mama yake mahali tofauti. Jina moja tu. Tena la kweli.

"Sijui, bwana," akasema. "Tuliamka tukalikuta."

"Paa limejiezeka lenyewe?"

"Hii nyumba ndivyo ilivyo. Moto wake si moto, majirani zake si majirani. Sishangai na paa lake likiwa si paa."

Bwana Tuliza akaandika yote, kwa kuwa yalilingana na kumbukumbu za ofisi. Kisha akaashiria vijana. Mabati yakashuka moja baada ya jingine, yakapakiwa kwenye lori, yakapelekwa kwenye ghala la Usihofu, ambako yanahifadhiwa kwa niaba ya wananchi. Randa ya Bakuza ilikuwa imenyamaza. Lori lilipokunja kona, matone ya kwanza yakapiga vumbi.

Mama Sikudhani akamfunika Hidaya kwa kanga, akambana kwenye kona ya ukuta. Mvua ikaongezeka. Kifua cha mtoto kikaanza ile filimbi.

Ghafla mlango ukagongwa kwa teke. Alikuwa Mama Chausiku, mkono mmoja kiunoni, sauti ya kufika sokoni.

"Wewe mwanamke, mwanao amenivunjia kikombe cha arusi. Huyo Hidaya. Simwachii. Namchukua aje anioshee vyombo mpaka masika yaishe, na ole wako uje kumwomba."

Mama Sikudhani akamtazama bila kuelewa. Hidaya hakuwa ametoka nje siku nzima. Akaanza kumtetea, ndipo akaona kwamba chini ya mtandio Mama Chausiku alikuwa ameshika shuka kavu, ameshalikunjua.

"Mchukue," akajibu kwa sauti kubwa. "Mimi mwenyewe kanichosha. Na hao wakubwa zake wabebe pia, wana mikono kama yeye."

"Nitawabeba wote, ukome."

Wakamfunga mtoto ndani ya shuka, vichwa vyao karibu, mvua ikiwapiga migongoni.

"Dawa yake ya kupuliza?" akanong'ona Mama Chausiku.

"Mfukoni mwa gauni. Mara mbili, halafu umkalishe, usimlaze."

"Bakuza anasema atakuja kesho kukudai ngazi. Atakuwa na turubai jipya ndani ya kikapu. Umfukuze kidogo kwanza."

"Nitamfukuza."

"Haya. Nitukane sasa, kuna mtu anapita."

Mama Sikudhani akafuta maji usoni, akavuta pumzi, akamtukana kwa moyo wake wote.